Mume Wangu Ana Upara, Anafanya Nini kwa Kinyozi?

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya begi, na si kwamba nyumba haina viti, viti vipo na vitambaa vyake nimevishona mwenyewe, ila begi lenyewe zipu yake ni mbovu, bila kukaliwa halikubali kufunga, na sasa limefunga, na nikilifungua sina hakika kama litafunga tena, kwa hiyo nataka kujua kwanza kama nilifungue au niondoke nalo.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea kwenye baraza ya nyumba yetu, magauni ya akina mama na sare za shule, na mume wangu ni fundi saa, ana kibanda chake cha kioo mkabala na duka la dawa, mtaani wanamwita Sekunde na mimi pia namwita hivyo nikiwa sijakasirika. Tuna binti mmoja, bado yuko shule ya msingi na mdomo wake hauna breki. Sekunde hanywi, havuti, hana maneno mengi, kasoro yake ni moja tu, harudi nyumbani. Yaani anarudi, lakini anarudi baada ya watu wote kurudi. Kibanda anafunga jua likiwa bado lipo, hilo nalijua kwa sababu mama wa duka la dawa ni mteja wangu, na kutoka pale mpaka kwetu ni mwendo wa kumaliza karanga za mkononi, sasa mtu anayetengeneza saa za mji mzima anapotelea wapi hapo katikati?

Zamani alikuwa anawahi, na akiwahi nilikuwa nampokea mwenyewe mlangoni. Hapa naomba nikueleze vizuri ili usije ukanihukumu bure. Marehemu mama yangu alinifundisha kwamba mwanamume akishakaa ameshapotea, jambo la nyumbani umweleze akiwa bado amesimama, viatu miguuni na mlango uko wazi, kwa sababu akivua viatu hata nyumba ikiungua atasema ngoja kwanza. Na mimi nimelishika hilo. Kwa hiyo siku nzima nikiwa kwenye cherehani mambo nayapanga kichwani, madogo mbele makubwa nyuma, bomba linavuja, mwalimu anataka kumwona mzazi, jirani amemwaga tena maji machafu upande wetu, mteja kakataa gauni lililomkaa kama alizaliwa nalo, na Sekunde akifika tu, kabla hajavuka kizingiti, namsomea. Simpigii kelele, mshauri, namweleza. Ni kweli nikimweleza kwa upole anasema "kesho", nikipandisha sauti kidogo ndipo anachukua bisibisi, sasa hapo kosa ni la nani?

Basi akaanza kuchelewa, kidogo, halafu sana. Mimi si mtu wa kurusha vyombo, silaha yangu ni moja, nanuna. Akichelewa hanioni mlangoni. Chakula namwachia mezani kimefunikwa, cha moto, kwa sababu hasira zangu ni kwake, tumbo lake halijanikosea, halafu naingia chumbani nageukia ukutani, na hata akija akauliza "Mama, umelala?" nanyamaza kama jiwe ili ajue ameniudhi. Namsikia kule sebuleni anakula, amefungua redio yake ndogo, mara nyingine anajichekea peke yake. Nikamweleza dada yangu mkubwa, akaniambia, "Tatizo lako unamnunia kidogo. Mnunie mpaka dunia imbane." Nikaongeza. Mshauri, nilinuna mpaka taya zikauma, na yeye akazidi kuchelewa, na linaloniuma zaidi ni kwamba akanenepa. Mtu ananuniwa ananenepa? Mkanda wake nimeutoboa tundu jipya kwa mkono wangu mwenyewe.

Halafu kuna siku nilikwenda kumpima bibi harusi mmoja, nikachelewa mimi, kurudi nakuta Sekunde yuko nyumbani zamani, amechemsha chai, bomba la jikoni limetengenezwa bila mtu kumwambia, yeye na binti wako chini sakafuni wanafungua saa ya ukutani na kucheka. Kumwambia dada, akasema, "Dhamira inamsuta huyo. Mwanamume hatengenezi bomba bure." Hapo ndipo nikajua kuna mwanamke. Nikampigia simu mjomba, nikamwambia kuna mwanamke, mjomba akasema hili ni la kikao, akaita watu Jumamosi, na mimi nikafunga begi.

Lakini nikasema nikienda kwenye kikao na maneno matupu nitachekwa, afadhali nimwone huyo mwanamke kwa macho yangu. Juzi nikaazima mtandio wa jirani ambao Sekunde haujui, nikasimama nyuma ya nguzo ya umeme karibu na kibanda. Akafunga. Akaangalia saa, akaangalia upande wa nyumbani, akashusha pumzi, akageukia upande mwingine, akaingia uchochoro wa kinyozi. Nikasema anapitia tu hapo, mwanamke yuko mbele. Hakupitia. Aliingia kwa kinyozi na hakutoka.

Sasa lazima ujue, Sekunde ana upara. Sisemi nywele zimepungua, nasema upara kamili, unaweza kujitazamia lipstiki.

Nikasogea dirishani, nikachungulia katikati ya zile picha za mitindo ya nywele. Nikamwona amekaa kwenye benchi la wanaosubiri, mikono magotini, macho nusu amefumba, ametulia kama mtu aliye likizo. Kinyozi akaita, "Anayefuata!" Sekunde akamwambia aliyekaa pembeni, "Pita tu bwana, mimi sina haraka." Akaita tena, akampisha mwingine. Jamaa mmoja mwenye ndevu akamwuliza, "Mzee mwenzangu, kwani wewe umekuja kukata nini?" Akajibu bila kufumbua macho, "Nasubiri ziote." Wakacheka wote, na yeye akacheka, kicheko kile kile ninachokisikia sebuleni.

Kinyozi akatoka kukung'uta shuka lake, akanikuta nimebandika uso kwenye kioo.

"Shemeji! Umekuja kumchukua?"

Nikamwambia ashushe sauti. "Huyu hapa anafanya nini?"

"Anakaa."

"Anakaa tu?"

"Tena anakaa vizuri sana, shemeji. Huyu ndiye mteja wangu mwaminifu kuliko wote, na kichwa chake sijawahi kukigusa."

Nikamwapisha asiseme, nikaondoka, na njiani nikajikuta nacheka peke yangu hadi watu wakanipisha barabara. Hakuna mwanamke! Mzigo niliokuwa nao kifuani ulitoka wote. Lakini kufika nyumbani nikaliona kochi langu, nikalia. Maana lile benchi ni la mbao, halina hata mto. Mwanamke ningemwelewa, ningejua nimezidiwa na nini. Benchi nalo limenizidi nini?

Kesho yake asubuhi nikamwuliza binti kama mzaha, baba akichelewa wewe unaonaje, akasema, "Afadhali, mama, siku hizo nyumba inatulia." Nikamwambia aache utovu wa adabu akaoshe masufuria.

Sasa Jumamosi ndiyo hiyo, mjomba ameshaita watu na nimeshawaambia kuna mwanamke. Sekunde hajui kama nilimwona. Naomba uniambie, nifungue begi au nisifungue, na kikao nikiambie nini?

Mimi, Mke wa Sekunde.

*

Mke wa Sekunde,

Ondoka juu ya begi.

Kwanza furahi, na ufurahi kwa nafasi. Barua nyingi zinazofika kwenye meza hii huanza kama yako, na ni chache sana zinazoishia kwa kinyozi. Mumeo hana mwanamke, hana chupa, hana kamari. Ana benchi. Wapo wanawake watakaosoma ukurasa huu leo na kutamani benchi hilo.

Ukishafurahi, kaa kwenye hilo kochi lako, nikugombeze kidogo.

Mimi mambo haya sikuyasomea. Nimeyaokota kwenye vitabu vilivyotupwa na wenyewe, na kwenye sebule za watu wanaonikaribisha chai bila kujua kwamba nawatazama. Ila wapo wataalamu waliokaa miaka na njiwa na panya ndani ya visanduku, wakiwapa punje hapa na mshtuko pale, na walichokiona hakina fumbo. Kiumbe hurudia tendo lililomletea raha. Hurudia pia tendo lililomwondolea kero. Na tendo lililomletea maumivu hulipunguza. Basi. Sehemu ambayo watu huisahau ni hii: anayeamua kama kitu ni raha au ni maumivu ni yule anayekipokea. Anayekitoa hana kura.

Na hapo ndipo wewe, fundi mzima, ulipokosea kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Ulichukua vipimo vya mwili wako, ukamshonea yeye. Kwako wewe kunyamaziwa ni adhabu, kwa sababu wewe ni mtu wa maneno, na barua yako imethibitisha. Lakini mumeo kashinda kutwa kwenye kibanda cha kioo, watu wanamgongea wanauliza saa yao imefia wapi. Ukimnyamazia, umemtesa au umempumzisha? Dada yako akakuambia uongeze dozi, ukaongeza, mgonjwa akanenepa. Mkanda ulikuambia ukweli ukautoboa tundu.

Sasa itazame nyumba yako kwa macho ya njiwa. Njiwa akirudi mapema, anasimamishwa mlangoni na viatu vyake, anasomewa bomba, mwalimu, jirani na gauni. Akirudi akiwa amechelewa, anakuta chakula cha moto kimefunikwa, redio, kochi zima lake, na hakuna anayemwuliza kitu. Ungekuwa wewe ndiye njiwa, ungerudi saa ngapi?

Unasema ulikuwa unamwadhibu kwa kuchelewa. Siyo. Maneno yako yalikuwa yanamkuta akiwa anafanya nini? Anafika. Kwa hiyo kilichopungua ni kufika. Adhabu haina akili ya kutafuta kosa lilipo, inagonga kitendo kilicho karibu nayo. Tulikuwa na mwalimu wa hesabu ambaye akimwona mtoto amemaliza mapema anamwongezea hesabu nyingine, asikae bure. Darasa zima tulijifunza kuandika polepole. Mwandiko wetu ulikuwa mzuri ajabu, na hadi anastaafu mwalimu yule aliamini anatufundisha hesabu.

Na siku ile uliyokwenda kwa bibi harusi, dhamira haikumsuta mtu. Alifika, hakuna aliyemsubiri mlangoni, akaingia, akakaa, akapumua, halafu akaliona bomba kwa macho yake. Marehemu mama yako namheshimu, lakini yeye alikuwa na mume wake. Wa kwako akikaa hapotei. Akikaa ndipo anapopatikana.

Sekunde naye simwachii. Mtu mzima kujificha kwenye foleni ya nywele asizonazo ni jambo la kumwonea aibu, na ningekuwa na anwani yake ningemwambia. Amekufundisha tabia mbaya kama wewe ulivyomfundisha yeye. Ulipomweleza kwa upole alisema kesho. Ulipopandisha sauti akachukua bisibisi. Hivyo sauti yako imekuwa ikipanda kwa sababu alikuwa anailipa. Mmekuwa walimu wazuri sana ndani ya nyumba hiyo, ila hakuna aliyeangalia somo.

Sasa nisikilize, na hapa sitaki "lakini mshauri".

Leo hii, kabla hujashona hata kishikizo, mpigie mjomba. Usimwambie unaumwa, usimwambie kikao kimeahirishwa. Mwambie, nilidhani kuna mwanamke, nimekwenda kuangalia, sikumkuta. Umemsingizia mumeo mbele ya ukoo, basi usafishe jina lake mbele ya ukoo huo huo. Watakucheka. Vumilia, kicheko hakina damu.

Kuanzia leo mlango wako ni wa kuingilia, mahakama ifunge. Akifika mapema, mwambie karibu, kisha ufunge mdomo kwa namna ile uliyoizoea, ila safari hii usinune. Avue viatu. Ale. Chakula cha moto kiwe cha anayewahi. Akishatulia, mpelekee jambo moja hapo kwenye kochi, moja tu, kwa sauti ya upole, na mengine yalale. Akilifanya, mshukuru siku hiyo hiyo, usingoje afanye yote. Na akikujibu "kesho", usipandishe sauti. Mwulize kesho saa ngapi. Fundi saa hawezi kukataa swali hilo.

Akichelewa, usimnunie na usimgombeze. Chakula kiache jikoni ndani ya sufuria, akipashe mwenyewe. Akiuliza umelala, mjibu kama mtu. Kuchelewa kusiwe na vita wala sherehe. Kuwe kitu cha kuchosha tu.

Nakuonya pia kwamba hatakuamini. Mtu aliyesomewa kesi miezi na miezi, ukimkaribisha kwa tabasamu atadhani kuna msiba. Huenda akarudi benchi siku mbili tatu kukupima. Usiteleze hapo. Ukimvizia mlangoni hata mara moja katikati ya wema wako, atakuwa anakuja nyumbani kama mtu anayecheza bahati nasibu, na mtu wa namna hiyo daima huacha mguu mmoja nje.

Mwambie kwamba ulimwona. Usilifanye silaha, wala usilitunze kwa ajili ya siku ya ugomvi. Mwambie mkiwa mmekaa, na ukifika kwenye "nasubiri ziote" ucheke wewe kwanza.

La mwisho nimeliacha nyuma kwa sababu ndilo kubwa, kama wewe unavyoyapanga. Binti yako ulimwuliza swali, akakujibu ukweli, ukampa masufuria. Rudia kuusoma mstari wako huo. Leo ukweli wake ulikuwa mdogo, wa nyumba kutulia. Siku atakapokuwa na ukweli mkubwa, wa kumtetemesha, ataupeleka wapi akikumbuka masufuria? Na yeye atatafuta benchi lake, mama, na benchi la binti halitakuwa kwa kinyozi mwema anayekuita shemeji. Mwite leo. Mwambie, "Siku ile ulisema kweli, asante," na masufuria uoshe wewe.

Begi fungua. Hiyo zipu mbovu ndiyo rafiki pekee aliyekushauri vizuri katika jambo hili lote.

*

Kwa kuwa Jumamosi haikusubiri gazeti, majibu hayo nilimsomea kwanza kwa simu. Jumapili jioni akaniletea ujumbe huu, na ameniruhusu niuweke hapa bila kuukata.

"Mshauri, begi nimelifungua na zipu imekufa kabisa, sasa hata nikitaka kuondoka itabidi nguo nizibebe kichwani. Mjomba nilimwambia kila kitu, akacheka mpaka akakohoa, akasema atawaambia watu wote ukweli na wasije, halafu akashusha sauti akauliza huyo kinyozi yuko mtaa gani. Mke wa mjomba alikuwa karibu, akamwambia, 'Unauliza cha nini?' Akasema, 'Nauliza tu.' Dada amekasirika kwamba nimemwaibisha, ameninunia tangu juzi, hapigi simu, haji, na mshauri, sasa ndiyo naelewa, ni raha. Binti nilimshukuru, akaniangalia sana, halafu akaniambia mambo mengine matatu ambayo sikuyapenda hata kidogo, nikaosha masufuria kimya kimya.

"Sekunde jana alikwenda benchi, sikusema kitu, akapasha chakula mwenyewe. Leo kibanda alikifungua nusu siku, nami nikajisemea ndiyo basi, atashinda huko huko kwa kinyozi. Sasa hivi jua likiwa bado lipo ukutani nikasikia viatu vyake. Alifika akasimama kwenye kizingiti kama alivyozoea, mkono kwenye mlango, kichwa chini, anasubiri kusomewa. Bomba la bafuni nilikuwa nalo mdomoni, mshauri, nikalimeza. Nikasema, 'Karibu, pole na kazi.' Akageuka nyuma kuangalia nimemkaribisha nani."